Mwanamke wa Daraja la Chania

Kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria. Bado giza, jogoo wa Tetu hawajakubaliana ni saa ngapi, na sauti hiyo ndiyo iliyomjulisha Sajini Watiri kwamba nyumba ya Gicheru imeamka. Alisimama nje ya mlango wa jikoni, soksi zimelowa umande wa majani ya chai, akasikiliza. Kukwangua, kimya, kukwangua tena. Mkwaruzo mfupi mfupi, wa mkono mdogo. Akapiga hodi.

"Ingia, afande," sauti ya mwanamume ikasema. "Mbwa hajabweka, nikajua ni wewe. Amekuzoea."

Ndani, koroboi iliwaka juu ya kabati. Gicheru alikuwa ameketi kigodani, mtungi wa maziwa katikati ya miguu, shati limefungwa vifungo vibaya. Binti yake Wangechi, mwenye miaka sita, alikuwa amekumbatia sufuria ya uji kama mtu aliyeambiwa itaondoka. Mezani kulikuwa na vikombe vitatu. Viwili vilikuwa vimenywewa. Cha tatu kilijaa, kimefunikwa kisahani.

"Hicho ni cha nani?" Watiri akauliza.

"Cha mama yake Wangechi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ikipoa nampatia paka. Hiyo usiandike, watu watasema nimeanza wazimu."

Watiri aliandika. Alijua pia atakachosema Inspekta Theuri, mkubwa wake kituoni Nyeri, akisoma mstari huo: kwamba mume wa mwigizaji naye huigiza.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na kwa miezi minane haikuwa imerefuka. Mwezi wa Aprili, mvua ndefu ikinyesha, kampuni moja ndogo kutoka Nairobi ilipanda huku mlimani kupiga filamu ya kutisha iliyoitwa *Kikohozi Mlangoni*. Walimtaka mwanamke wa hapa hapa, awe jirani anayemwona muuaji darajani. Wakamchukua Wakonyo, mke wa Gicheru, ambaye hakuwahi kuigiza popote isipokuwa kanisani wakati wa Krismasi. Jumanne aliondoka nyumbani kwenda Nanyuki, ambako kazi ilianzia. Jumamosi ilikuwa zamu ya daraja la Chania, chini ya mji wa Nyeri, na Gicheru alienda na baiskeli kumchukua. Yeye alisema alingoja mpaka mvua ikaisha na watu wakaisha, mke hakutokea. Moffat, msimamizi wa kazi za kampuni, alisema alimwona Wakonyo kwa macho yake akipanda baiskeli ya mumewe. Tangu jioni ile hakuna mtu aliyemwona tena.

Mmoja wao alikuwa anasema uongo.

"Nirudishie ile Jumatatu usiku," Watiri akasema. "Mlikosana."

"Nilimwambia akienda asirudi."

"Kwa maneno hayo?"

"Hayo hayo. Jirani alisikia, na amekuambia ukweli." Gicheru alifunga mtungi, akaufungua, akaufunga tena. "Asubuhi nikambebea kikapu mpaka stendi. Hiyo jirani hakusikia. Kubeba kikapu hakuna kelele."

"Mlikosana kwa nini?"

"Hiyo filamu anakufa. Nikamwambia, kazi gani hiyo, watu wanalipa waone mke wangu akinyongwa? Akacheka. Akasema ni vizuri, atakuwa ameanza na iliyo ngumu, zingine zote zitakuwa rahisi. Alikuwa anataka sana, Sajini. Alikuwa anafanya mazoezi hapo kwa kioo, anashtuka, anashtuka, mpaka mtoto naye akajifunza."

Wangechi aliweka sufuria chini, akamwonyesha Sajini: mikono mashavuni, macho makubwa, pumzi imekatika. Alijua kushtuka vizuri. Kisha akarudi kwenye uji.

"Kesho ndio tunaenda kumwona mama?" akauliza.

Watiri alimtazama Gicheru.

"Nilimwambia," Gicheru akasema. "Nilikosea?"

"Ile picha si ya mtoto, Baba Wangechi."

"Pale pa kutisha nitamfunika macho. Lakini pale anatembea tu, amwone. Hatuna hata picha ya ukutani. Moja tuliyokuwa nayo iko kwa faili yenu."

Ilikuwa kweli. Watiri alifunga daftari, akashuka kupitia mashamba mpaka barabarani.

*

Inspekta Theuri alimsikiliza huku akichonga penseli.

"Ni hesabu ya darasa la pili," akasema. "Kesho saa nne Moffat analeta mkanda wa daraja, ule uliopigwa Jumamosi. Kama Wakonyo yuko ndani, basi alifika Chania. Kama alifika Chania, Gicheru alimchukua, na anatudanganya. Mchana namfungulia mashtaka ya mauaji."

"Na kama hayuko ndani?"

"Watu hamsini walisimama ukingoni wakamwona."

"Walimwona mwanamke mwenye kitambaa cha manjano, afande, kwenye mvua, kutoka ng'ambo. Niliwauliza wote. Hakuna aliyemkaribia. Moffat aliweka kamba."

Theuri alipuliza vumbi la penseli. "Basi atambuliwe na mumewe. Lakini nisikie vizuri, Watiri. Usimdokezee. Hata kwa nyusi. Shahidi akidokezewa na polisi, hakimu anaitupa faili dirishani, na mimi na wewe tunaifuata."

"Kuna mmoja hajahojiwa. Yule staringi, anayeigiza muuaji."

"Yule wa kukohoa? Wanawake watatu wa sokoni walishakuja hapa kumshtaki. Eti wamemwona akiua watu kwa filamu mbili, iweje bado anatembea."

"Amerudi kutoka Isiolo juzi. Nina siku moja."

"Una siku moja," Theuri akakubali.

*

Kulmiye alipatikana Nanyuki, kwenye uwanja wa mifugo, akimpapasa fahali ubavu. Mwembamba, mrefu, uso wenye mashavu yaliyobonyea na macho yasiyopepesa. Uso ambao kampuni za filamu ziliupenda kwa sababu ukiwekwa dirishani usiku hauhitaji kufanya kitu kingine. Watoto waliokuwa wamekaa juu ya ukuta walimkoholea. Kikohozi kimoja kikavu, halafu kimya, halafu viwili. Kama kwenye filamu.

"Wameniharibia jina," akamwambia Watiri, bila hasira. "Jana nilikuwa na mafua ya kweli. Duka zima likakimbia."

"Unaijua sababu iliyonileta?"

"Nilisikia jana usiku, kwa dada yangu Zeynab. Nilikuwa kaskazini tangu Aprili nikinunua ngamia, huko habari za Nyeri hazifiki. Ni kweli Wakonyo amepotea?"

"Wewe ndiye uliyemnyonga darajani," Watiri akasema. "Nianze na wewe."

Kulmiye aliacha fahali. "Mimi sijawahi kukanyaga Chania."

"Kwenye hadithi ya filamu uko hapo."

"Dada, sikiliza, hii ndiyo kazi yetu. Mimi nilipigwa picha hapa Nanyuki, Jumatano. Nimesimama mbele ya ubao uliopakwa rangi ya daraja. Nikaambiwa, tazama kule, kuna mwanamke anashuka na kuni. Kule kulikuwa na mpishi anakula mkate. Nikamtazama yule mpishi kama ninayetaka roho yake. Mwanamke naye atapigwa siku nyingine, mahali pengine. Halafu mtu wa mkasi Nairobi anakata, anaunga. Wewe ukikaa sinemani unaona nimemfuata. Hatukukutana."

Watiri alikuwa anaandika haraka. "Na mikono? Mikono inashika shingo."

"Mikono ni yangu."

"Na shingo?"

Kulmiye alikuna kidevu. "Shingo ni ya Moffat. Alijifunga kitambaa. Nilimwambia anyoe vizuri nyuma, akakataa."

Mmoja wa watoto ukutani aliangua kicheko. Watiri hakucheka. Aligeuza ukurasa, akaandika Jumatano upande mmoja na Jumamosi upande wa pili, na katikati akaacha nafasi nyeupe.

"Mara ya mwisho ulimwona Wakonyo lini?"

"Jumatano hiyo hiyo, jioni. Kule kwa mawe, mtoni. Walitaka ateremke akikimbia. Mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili, vizuri. Moffat akasema tena. Mara ya tatu akateleza." Alipitisha kiganja juu ya paja lake, taratibu. "Mguu huu. Sauti niliisikia mimi niliyekuwa mbali. Wakamfunika blanketi, wakampeleka chumba cha Moffat. Tukaambiwa ni kuteguka tu, atapumzika."

"Ukamwona tena?"

"Hapana. Lakini Alhamisi alfajiri niliamka kuswali, nikaona gari la Moffat linatoka. Nyuma walikuwa wametandika godoro. Likachukua njia ya Meru. Nikauliza, nikaambiwa anapelekwa kwa daktari mzuri. Jumapili nikasikia kazi ya Chania imekwisha salama, Wakonyo ameigiza vizuri. Nikashukuru Mungu, nikaenda zangu Isiolo."

"Godoro," Watiri akasema.

"Godoro na mto."

Watiri alipigia mstari neno la mwisho. Aliyekufa hawekewi mto.

"Ulinyamaza miezi minane kwa sababu hukujua," akasema. "Nakuamini. Utatia sahihi?"

"Nitatia." Kulmiye alichukua kalamu, akasita. "Alikuwa na kitu, yule mama. Wengine tunaigiza hofu kwa kupiga kelele. Yeye alikuwa ananyamaza. Kila mara nilimwambia, ukienda Nairobi watakuchukua. Akasema atakwenda, ila kwanza mtoto wake amwone akiwa ndani ya picha, ndio asije akafikiri mama alikuwa anaenda tu kutembea."

Njia nzima ya kurudi, mlima ulikuwa umejifunika na Watiri alipanga maswali. Ushahidi wa Kulmiye ulikuwa mzuri lakini haukutosha, na Moffat angeuvunja kwa sentensi moja: alitibiwa, akapata nafuu, Jumamosi akafanya kazi, tazameni mwenyewe. Kila kitu kingeamuliwa na ukuta mweupe wa sinema. Alipofika nyumbani kwake Kiganjo, alishuka kumnyonyesha mwanawe wa miezi saba, akambadilisha, akamrudisha kwa bibi yake, akaenda kuandika taarifa.

*

Ijumaa saa nne asubuhi jua lilikuwa kali nje ya ukumbi wa sinema wa Nyeri, lakini ndani Ngatia alikuwa amefunga kila dirisha kwa gunia. Ngatia ndiye aliyeendesha mashine pale kwa miaka kumi na minne, na alikuwa amevaa tai kwa heshima ya polisi.

"Hakuna mtu amewahi kuingia hapa bure," akasema, "isipokuwa panya. Karibuni."

Moffat alikuwa amefika mapema. Mtu mnene, mwenye koti la ngozi na sauti ya kubembeleza. Alikuwa ameleta sanduku moja la bati. Mikanda mingine, alieleza, ilikuwa bado njiani.

"Kwa hiyo sehemu ya Nanyuki hatutaiona," Watiri akasema.

"Si inspekta alitaka daraja? Nimeleta daraja."

"Wakonyo aliumia Jumatano, Bwana Moffat."

Moffat hakushtuka. "Aliteguka. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari. Alhamisi, Ijumaa, akapumzika. Jumamosi akasema yuko sawa. Wanawake wa huku ni wagumu, Sajini, wewe unajua." Akageukia ukumbi. "Sina cha kuficha. Filamu itasema."

Gicheru aliingia wa mwisho. Alikuwa amenyoa, na vifungo safari hii vilikuwa sawa. Alimshika mkono Wangechi, aliyevaa gauni la kanisani na soksi mpya. Mtoto alikuwa ameliambia darasa zima. Walikaa mstari wa tatu. Gicheru aliweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni, kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi.

"Baba Wangechi," Watiri akasema, akichagua kila neno. "Utaona mwanamke. Utatuambia kama unamjua, na kama unamjua ni nani. Usiseme unachofikiri tunataka."

"Nimeelewa."

"Ngatia, utakata kabla ya mikono."

"Nitakata, mama. Lakini kusimamisha siwezi, mniwie radhi. Hii mkanda ikisimama mbele ya taa inaungua. Mkitaka kuona tena nitarudisha nyuma."

Taa zikazimwa. Mashine ikaanza kutatarika nyuma yao, na mwanga ukafika ukutani.

Mvua. Mvua ya rangi ya kijivu, ikianguka juu ya daraja ambalo wote waliokuwa mle ndani walikuwa wamelivuka mara mia, na ambalo sasa lilionekana kama la nchi nyingine. Uso wa Kulmiye, nusu yake, nyuma ya nguzo. Kisha njia ya matope, na juu ya njia mwanamke, amewapa mgongo, mzigo wa kuni mgongoni, kitambaa kimefunika kichwa na shingo. Akashuka hatua kumi. Kikohozi kimoja. Mwanamke akasimama. Akageuka robo tu, mvua ikimpiga usoni. Ngatia akakata.

Watiri alikuwa ameona. Hakuhitaji uso. Ukanda wa kubebea kuni ulipita juu ya kichwa cha mwanamke yule kama inavyotakiwa, lakini alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili, karibu na masikio, kama mtu anayezuia kofia isipeperuke. Watiri mwenyewe alibeba kuni tangu akiwa mdogo kuliko Wangechi. Kichwa na shingo ndivyo vinavyobeba. Mikono hubaki huru, na mama zao walisuka viondo njiani huku mzigo uko mgongoni. Aliyekuwa pale hakuwahi kubeba hata mzigo mmoja kabla ya siku ile. Ni msichana wa mjini aliyefungwa kitambaa cha manjano, na aliyemfunga hakujua cha kumfundisha kwa sababu naye ni wa mjini.

Alimtazama Gicheru. Sema, alitaka kumwambia. Wewe unayeijua mikono yake, sema. Aliuma kalamu.

Gicheru alikuwa ameinama mbele, viganja vimeshika kiti cha mbele yake. Mkono uliopaswa kumfunika mtoto macho alikuwa ameusahau.

"Rudisha kidogo," akasema.

Ngatia akarudisha. Mvua, nguzo, njia, mwanamke. Hatua kumi.

"Rudisha tena, ndugu yangu. Tafadhali."

Mara ya tatu machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na hakuyafuta. Taa zilipowaka alibaki akitazama ukuta mtupu.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Ona vile alisimama."

Moffat alishusha pumzi polepole. "Mmesikia."

Theuri alitoa karatasi mfukoni. Hakuonekana kufurahi. "Gicheru. Unaelewa unachosema? Ukisema huyu ni mkeo, umesema alikuwa Chania Jumamosi."

"Naelewa."

"Umeangalia vizuri?" Watiri akauliza. Sheria haikumruhusu zaidi ya hapo.

"Sajini, miezi minane nimeweka chai mezani." Gicheru aligeuka, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyepokelewa mahali. "Mnataka niseme si yeye ndio nipone? Yuko pale mbele yangu, anatembea. Siwezi kumkana. Hata mkinifunga. Ngatia, rudisha mara moja, halafu nitatia sahihi popote."

Theuri alitikisa kichwa kukubali, na ukumbi ukarudi gizani.

Mashine ikatatarika. Mvua ikaanza kunyesha ukutani. Wangechi aliteremka kitini. Hakuna aliyemzuia. Alipita kati ya viti kwa soksi zake mpya, akaenda mpaka mbele kabisa, karibu na ukuta, na mwanga wa filamu ukamwagikia mgongoni mwa gauni. Mwanamke alishuka hatua kumi juu yake, mkubwa kama nyumba. Mtoto aliinua uso na kumtazama, kwa makini, kutoka kichwani mpaka miguuni, na mwanamke alipogeuka robo akamtazama tena.

Kisha akampa mgongo, akamtafuta baba yake gizani.

"Baba, huyo si mama."